Mkono Wangu na Chiriku wa Dokta Sekela

Marahaba, wanangu. Mmeniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya upasuaji, na mkasisitiza niandike ya moyoni. Haya basi. Kilichojaa moyoni mwangu ni wivu. Mkitaka busara, hapa Miyuji, Dodoma, wastaafu tumejaa tele, gongeni geti lolote mtapewa busara pamoja na chai ya rangi. Mimi nina wivu, na nitausema wote, maana nilipokuwa kijana hakuna aliyenionya kwamba kazi hii ina wivu kuliko nyumba ya mitala.

Namwonea wivu mtu mmoja na kidude kimoja. Mtu ni Dokta Sekela, bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo, binti wa Mbeya, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kufunga fundo. Kidude ni kijiti cha chuma, unene wake kama kidole gumba, chenye waya mrefu unaokwenda kwenye boksi lenye spika. Ukikielekeza penye mionzi kinalia. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wamekipa jina la Chiriku, kwa sababu kikishaanza hakinyamazi. Mimi nilifanya kazi chumba kile kile maisha yangu yote na hakuna aliyenipa jina la ndege.

Enzi zetu mkono ndio ulikuwa mashine. Mwalimu wangu, marehemu Dokta Chilewa, alikuwa Mgogo mrefu mwenye vidole vyembamba, na alikuwa na shule yake ya ajabu. Jumamosi alipita buchani soko la Majengo akanunua mafuta ya utumbo wa mbuzi, yale meupe yanayotandazika kama kitambaa. Ndani yake alificha punje, akafunika na taulo bichi, kisha akatuita tuvae glavu na tufumbe macho. Ulianza na karanga. Ukizipata karanga zote ulipanda kwenye choroko, kutoka choroko ukaenda mtama, na mwisho kabisa uwele. Mwenzetu mmoja aliwahi kutangaza kwa sauti kubwa kwamba amepata choroko, kumbe ameshika kidole cha mwenzake. Alicheka hata Dokta Chilewa, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kucheka.

Neno lake lilikuwa moja, nami nawapa ninyi bure: usikandamize. Ukikandamiza, kidole kinajisikia chenyewe. Uguse kama unayetaka kujua mtoto amelala au anajifanya, ndipo nyama itakuambia ilichoficha. Kwa namna hiyo tulizitafuta tezi zenye ugonjwa tumboni mwa watu, na kwa namna hiyo mimi nilipata jina. Nilifika kwenye uwele. Si wengi waliofika.

Sekela alipokuja kwetu kusomea ubingwa, nikampitisha shule hiyo hiyo, mafuta yale yale kutoka buchani. Wenzake wakiwa bado wanahangaika na choroko, yeye akanihesabia uwele wote bila kukosea, kisha akaniuliza kama kuna kitu kidogo zaidi. Nilimpongeza mbele ya watu. Nikaenda nyumbani nikanuna. Mke wangu, Mama Zuhura, akaniuliza nina nini, nikasema uchovu. Siku iliyofuata alinitengea chai akiwa amejitanda kanga iliyoandikwa mwenye wivu ajinyonge. Alidai ameivaa bila kuisoma. Wanawake wa Kondoa ni wakatili.

Sasa niwaeleze kuhusu Jumanne, maana bila yeye wivu wangu ungekaa nyumbani tu na kunywa chai. Jumanne ni mtoto wa mjomba wangu. Tumekulia pamoja kijijini Busi, tumechunga pamoja, na sasa yeye ni mfanyabiashara wa ng'ombe kwenye mnada wa Chemba. Kwetu binamu ni mtani. Mtani hakusalimii kistaarabu, na ukifa ndiye atakayekufanyia vituko matangani watu wacheke huku wanalia. Yeye ananiita Kinyozi, eti kisu changu hakina tofauti na wembe wa mtaani. Mimi namwita Mkia, kwa vile maisha yake yote yamepita nyuma ya ng'ombe.

Kabla sijastaafu Jumanne alipata saratani ya tezi dume, na mimi ndiye niliyeitoa. Ilitoka vizuri. Sisemi hivyo ili nijitetee. Saratani ina tabia zake, inaweza kutoroka kabla kisu hakijafika. Alipopona alinichinjia mbuzi mzima, akaniletea hadi mlangoni akiwa amemfunga utepe wa harusi shingoni, watu wa mtaa wakatoka nje kutazama. Nilikula mbuzi yule kwa fahari kuliko pensheni yangu yote.

Kwa nyinyi msiojua: tezi dume ikishaondolewa, kipimo cha damu kinachoitwa PSA kinatakiwa kiwe karibu na hakuna, maana aliyekuwa akikitengeneza hayupo. Kikianza kupanda, ujue kuna mabaki yamejificha mahali, mara nyingi kwenye tezi za limfu huko ndani ya nyonga. Ni ndugu wa zile ambazo zikivimba kwenye kinena watu huziita mitoki. Ila hizi za ndani zinaweza kuwa na saratani huku ni ndogo kabisa, hazina maumivu, hazina uvimbe unaoonekana. Damu ya Jumanne ilikaa safi kwa miaka, kisha ikaanza kupanda. Kidogo, halafu kidogo tena. Alipigwa picha maalumu Dar es Salaam, ikaonyesha kuna kitu kinang'aa chini nyongani.

Alikuja na majibu hayo hadi barazani kwangu, akakaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, leseni yangu bado hai, nitaongea na hospitali niingie mwenyewe, Sekela atanishikia vyuma, na mkono wangu utaitafuta hiyo tezi hadi uipate. Nilizungumza kwa muda mrefu. Yeye alikuwa anachora chini kwa fimbo yake.

Nilipomaliza akasema, "Kinyozi, mkono wako naujua. Safari hii nakwenda na yule binti."

Iliniuma. Iliniuma kuliko siku niliyokabidhi funguo za ofisi. Ndugu yangu wa damu, niliyemshika hadi ndani ya tumbo, anamchagua mwanafunzi wangu na kijiti chake. Nikaanza kukiponda kile kijiti. Nilimwambia dawa ya mionzi anayochomwa mgonjwa ili kijiti kilie inakufa haraka, kila baada ya saa chache inabaki nusu, ikicheleweshwa kidogo Chiriku atakuwa bubu. Nikamwambia kinaweza kulia mahali pasipo na kitu na kunyamaza mahali penye kitu. Yote hayo ni kweli, wanangu, wala sikumdanganya. Ila niliyasema kwa roho mbaya.

Jumanne alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Ng'ombe wako akipotea porini na ana kengele shingoni, unamtafuta kwa kupapasa vichaka?"

Nikamwambia anywe chai yake inapoa.

Basi mipango ikapangwa. Wakati huo dawa na mashine ya picha vilikuwa Dar es Salaam, Sekela na Chiriku wako Dodoma. Kwa hiyo Jumanne alichomwa sindano ya mionzi kule, akapigwa picha, akapanda treni ya umeme kurudi, ili kesho yake asubuhi afanyiwe upasuaji. Dawa ile imetengenezwa kwa namna ambayo inakwenda kung'ang'ania kwenye saratani ya tezi dume popote ilipo, na inayobaki inatoka kwa mkojo. Muuguzi alimwelekeza anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara. Yeye akasikia neno moja tu, kwamba mkojo wake una mionzi. Kufika kwenye treni akakataa choo. Alijibana kutoka Dar hadi stesheni ya Dodoma, eti asije akawaachia watoto wa wenzake sumu kwenye choo cha serikali.

Niliyekwenda kumpokea ni mimi. Alishuka amekunja uso, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, na hakunisalimia wala kunitukana. Alielekea moja kwa moja kwenye choo cha stesheni. Sekela alipoelezwa akamwambia kwa upole kwamba mionzi ile ni kidogo, mtu anakwenda chooni kama kawaida, anamwaga maji ya kutosha, ananawa mikono, basi. Kisha akamnywesha maji jioni nzima. Kibofu kikijaa kinalia kuliko ugonjwa wenyewe, na Chiriku hawezi kusikia punje wakati pembeni kuna ngoma. Hilo mlishike.

Asubuhi yake nilisimama kwenye kona ya chumba cha upasuaji kama mgeni wa harusi asiye na kadi. Muuguzi aliyekuwa akinisogezea mimi kiti, sasa anamsogezea yeye. Mtaalamu wa usingizi anamtania yeye. Nilimtafutia kasoro kama anayechambua mchele: kofia yake ina maua, anahema kwa nguvu, anaongea na wauguzi taratibu mno. Akanigeukia, akasema, "Mwalimu, naomba unawe uvae glavu. Nauhitaji mkono wako." Nilijua ni huruma, na bado nilinawa mbio.

Tumbo likafunguliwa. Kovu langu la zamani lilikuwa ndani, na niwaambie ukweli, lilikuwa kovu zuri. Sekela akakichukua kijiti kilichovishwa mfuko safi, na jambo la kwanza akakigusisha kwenye paja la mgonjwa, mahali pasipo na ugonjwa, ili ajue mlio wa kawaida wa mwili ule siku ile. Fanyeni hivyo siku zote. Kila mtu ana kelele zake, na usipozijua kelele zake utakata kila kitu.

Kisha akakiingiza nyongani, na Chiriku akapiga makelele ya kichaa. Kila alipogeuza kinalia. Kushoto kinalia, kulia kinalia, hata kikitazama dari kinalia. Wauguzi wakatazamana. Nami nikafurahi. Mungu anisamehe, binamu yangu amelazwa tumbo wazi, na mimi nyuma ya barakoa nilikuwa natabasamu hadi mashavu yanauma. Sekela hakupaniki. Alitulia, akainama kutazama chini ya meza, akaomba mfuko wa mkojo uhamishwe. Ulikuwa umetundikwa upande wake, karibu na goti lake, umejaa ile dawa. Ukahamishiwa mbali, kibofu kikahakikishwa ni kitupu, akazima kifaa akawasha tena. Kimya. Tabasamu langu likaondoka na ule mfuko.

Akaniambia nianze mimi. Nikafumba macho. Sikukandamiza. Kando ya mshipa mkubwa wa kushoto, vidole vyangu vikakutana na uvimbe wa duara, mgumu kiasi, ukubwa wa karanga. Moyo ulinidunda kama kijana aliyejibiwa barua. Nikasema, "Hii hapa."

Sekela akaleta Chiriku. Hakulia. Nikasema labda waya umelegea. Akakielekeza kwenye kibofu, kikalia kidogo, kumbe kifaa ni kizima kabisa. Akakirudisha kwenye karanga yangu. Kimya. Nilisubiri aseme tuiache. Hakusema hivyo. Alisema kidole cha mwalimu kimeona kitu, tutaitoa, maabara ndiyo itakayoamua. Akaitoa vizuri, bila kumwaga damu. Uvumilivu huo nao ulinipa wivu, maana mimi katika umri wake nisingemvumilia mzee wa namna yangu hata dakika moja.

Baada ya hapo akaanza kushuka. Akapita sehemu zote ninazozijua, akaenda nyuma kabisa, kati ya utumbo mkubwa na mfupa wa mwisho wa mgongo, mahali ambapo mimi sikuwa na desturi ya kupita kutafuta kitu. Picha ya Dar ilikuwa imemwonyesha mtaa. Nyumba ilikuwa bado haijulikani. Akaomba watu wote wanyamaze. Kijiti kikaanza kudonoa, tik, kimya, tik, kisha zikafuatana, kisha zikakimbizana, hadi ikawa sauti moja ndefu. Akasogeza pembeni kidogo, ikapungua. Akarudi, ikapanda. Alikuwa amefumba macho. Nilijiona mwenyewe kwa Dokta Chilewa.

"Mwalimu, gusa," akasema.

Niligusa. Sikukandamiza. Niligusa kama nilivyofundishwa, kwa kila nilichonacho, na nilichokipata ni mafuta. Mafuta laini ya mtu mzima anayekula nyama vizuri. Nilirudia. Hakuna kitu. Sikudanganya, nikatikisa kichwa.

Alikikata kipande kile kidogo, akakiweka juu ya kitambaa mbali na mgonjwa, akakisogezea Chiriku. Kikaimba. Akarudi ndani, palepale kilipotoka. Kimya kabisa. Hivyo ndivyo inavyothibitishwa: kilichotoka kinalia, kilipotoka pananyamaza. Tulipopasua mafuta yale mezani tukakiona kitu chenyewe, cheupe, ukubwa wa punje ya uwele.

Sijui kama kidole changu kimezeeka au uwele wa ndani ya mtu hakijawahi kuuweza. Maabara ilisema karanga yangu ilikuwa tezi iliyovimba kwa jambo la zamani, haina saratani, na uwele wa Sekela ulikuwa saratani yenyewe. Nilifikiri kuhusu wagonjwa wangu wote ambao damu yao ilipanda nikawaambia hatuoni kitu, nikawaandikia sindano za homoni za kuupunguzia ugonjwa kasi. Hapakuwa na Chiriku siku zile, na huwezi kulaumiwa kwa kukosa ambacho hakikuwepo. Lakini nilimwonea wivu Sekela kwa niaba yao pia. Wivu wa namna hiyo hauandikwi kwenye kanga.

Jumanne alipona kidonda. Damu yake ilipopimwa baadaye PSA ilikuwa imeshuka karibu na hakuna. Sekela alimwita yeye na mkewe, Mwanahamisi, nami nikajipachika humo, akawaambia bila kuzungukazunguka. Kwa wengine inakaa hivyo kwa muda mrefu, kwa wengine inarudi, hawezi kuwaahidi ipi itakuwa yake. Wamepata muda, na muda huo Jumanne hana haja ya sindano za homoni. Jumanne alimshukuru kwa mikono miwili. Mimi hakunitazama.

Nikajua mbuzi anakuja. Kwetu mbuzi wa shukrani hagawiwi ovyo, kila kipande kina mwenyewe na kila mpokeaji anasoma kipande chake. Nilijiambia simsubiri. Nilimsubiri kila siku. Siku moja Mwanahamisi akafika kutoka Chemba na vikapu. Alikuwa ameshapita hospitali: paja la kulia, lile la heshima, kwa Dokta Sekela. Kidari kwa wauguzi. Mtaalamu wa usingizi ini. Hata yule aliyehamisha mfuko wa mkojo alipata mbavu. Kisha akanipa mimi kifurushi kidogo kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akasema mwenyewe amesisitiza nikifungue peke yangu.

Ndani yalikuwa masikio mawili.

Wanangu, masikio ya mbuzi kwetu wanapewa watoto, ili wawe wasikivu. Mama Zuhura aliona nilichoshika, akaingia ndani haraka, na mabega yake yalikuwa yanacheka. Nikampigia simu Mkia. Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu mkono wangu, kuhusu kovu zuri, kuhusu kila ng'ombe niliyemchungia yeye alipougua surua utotoni. Aliniacha niseme hadi pumzi ikaisha.

Halafu akasema, "Mkono wako nilishaushukuru, ulikula mbuzi mzima na utepe. Sekela anasema inaweza kurudi. Ikirudi, kuna siku sitataka kisu, wala Chiriku, wala sindano. Siku hiyo nitataka mtu wa kukaa naye aniache niseme. Na wewe, Kinyozi, tangu Busi hujawahi kumwacha mtu amalize. Anza mazoezi mapema."

Nilikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nalo tayari mdomoni, na lilikuwa zuri. Sikulisema. Nikasikia ng'ombe wake wanalia upande wa pili wa simu, na yeye akasubiri, akaona kweli nimenyamaza, akakata.

Mama Zuhura aliyachemsha na chumvi na pilipili. Masikio ya mbuzi ni magumu, ni gegedu tupu, unatafuna na unatafuna, na mdomo ukiwa na kazi hiyo huwezi kusema neno. Niliyamaliza yote mawili.

Siku hizi, siku ya mnada, napanda basi la Chemba. Nakaa kwenye gogo pembeni ya zizi, Jumanne anakaa kando yangu, ananieleza bei, ananieleza habari za mvua, na mara nyingine, ng'ombe wakishaondoka, ananieleza anachokiogopa. Mimi sisemi kitu. Paja la heshima walikula wengine, na sasa hivi mkiniuliza nitawaambia bado linaniuma. Ila kwenye gogo lile Dokta Sekela hajaalikwa hata mara moja.